Mgomba Alioulilia Yunia

Mke wangu Yunia hakupenda filamu. Alizitazama miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote alizisifu tatu.

Alikuwa akiuza karanga mlangoni pa kibanda cha filamu hapa Bwera, mpakani mwa Uganda, nyuma ya soko. Alikuwapo kabla ya mwenye kibanda wa sasa, kwa hiyo aliingia bure. Filamu ikianza anaingia, anasimama nyuma, beseni kichwani. Hakai. Ikimshinda, anatoka. Watu walio nje walikuwa wakimtazama yeye, si lile tangazo la ukutani. Akitoka mapema, wanaenda zao. Akikawia, wanalipa na kuingia. Mwenye kibanda alimwomba mara nyingi avumilie ndani hata robo saa tu. Alikataa. Alisema miguu ni yake.

Mtafsiri pale ni Hilaire, mtu wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Filamu zinakuja kwa Kiingereza, kwa Kichina, kwa Kihindi. Yeye anakaa kando ya spika na maikrofoni yake, anawasemea wote, waume kwa wake, kwa Kiswahili cha kwao. Mchina akifungua mdomo, anaongea kama dereva wa lori wa Beni. Yunia alisema Hilaire ndiye mwigizaji pekee pale, na hata yeye anazidisha.

Filamu nitazitaja chache, ili mtu asipoteze siku yake.

Ile ya watu wanaoruka angani na nguo za chuma, usiitazame. Mji mzima unabomoka, halafu wanasimama juu ya vifusi wanacheka. Yunia aliuliza nani atafagia.

Ile ya askari mmoja anayemaliza kambi nzima. Nilihesabu risasi mwenyewe. Bastola moja ilitoa thelathini na nne, magazini haikubadilishwa. Nilikuwa jeshini miaka ishirini na miwili. Tungepewa bastola kama hiyo, vita tungemaliza kabla ya chai. Na yule kamanda wao amevaa cheo juu chini. Hakuna aliyemwambia.

Za Kampala ni filamu moja wanayoirudia. Nyumba moja, ngazi moja, kochi moja jeupe. Mwanamke analia kwenye kochi, simu inaita, anapokea, analia tena. Asubuhi anaamka na midomo myekundu. Yunia alisema yeye akipewa kochi kama lile hataona sababu ya kulia.

Ile ya mzimu, mzimu umevaa saa.

Ile ya Kihindi, mama na mwana waliopotezana sokoni, Yunia alibaki mpaka mwisho. Watu walishangaa wakajaa ndani. Nje ilikuwa inanyesha mvua.

Moja nitaisifu, maana yeye aliisifu. Ni ya mwanamke anayemtafuta ng'ombe wake siku tatu. Haina bunduki, haina muziki. Hilaire alikosa la kutafsiri akalala. Watu wengi walitoka. Hiyo tazama.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa nakwenda kumbebea beseni. Njiani tunaitukana filamu mpaka nyumbani. Mambo mengine hatukuyasema sana.

Alizaliwa Maliba, juu mlimani kwenye kahawa. Nilimwoa nikiwa koplo. Alinifuata kambi tano. Kiswahili alijifunzia bombani, kwa kugombana na wake za askari, watu wa Arua, wa Gulu, wa Soroti. Matusi aliyajua kabla ya salamu. Herufi mimi nilifundishwa na koplo mwenzangu kwa Kiswahili hicho hicho, shule sikuiona.

Mtoto wetu wa kwanza alifia kambini, ana miaka miwili. Siku hiyo Yunia alikaa mlangoni akachambua maharage, debe zima, mpaka yakaisha. Hakutoa sauti. Wale wanawake walisema hana moyo. Ndivyo alivyolia. Nilimwona akilia mara tatu katika maisha, na zote zilikuwa hivyo.

Sasa Bright.

Bright ni kijana wa Kasese mjini. Baba yake ni polisi, mtu wa Mbarara, na yeye amekulia katika kambi ya polisi. Ana kamera. Mwaka juzi aliamua kutengeneza filamu, ndugu wawili wanagombea shamba la baba yao, mkubwa anamuua mdogo, halafu anajuta. Alitaka mazishi, na mlima uonekane nyuma, kwa hiyo akachagua Maliba. Alitaka wanawake wazee wa kulia. Akaambiwa yuko mama mmoja wa Maliba aliyeolewa Bwera, filamu anazijua.

Yunia alikubali siku hiyo hiyo. Alisema amewatukana hawa watu miaka mingi, sasa aende aone wanapokosea.

Aliporudi alinisimulia. Walipewa lesu na soda. Jeneza lilikuwa la mbao nyepesi, ndani hakuna kitu. Vijana wanne wakalibeba, wakapanda nalo kilimani wanakimbia. Yunia akasimamisha kazi. Akamwambia Bright kwamba jeneza linaruka kama kikapu cha majani, hata wauza mahindi wa njia panda ya Kikorongo wakiona watajua hamna mtu. Weka uzito. Wakaweka mawe. Mawe yakagongana humo ndani kama sahani. Basi Bright akamtuma kijana akate mgomba. Wakatia shina ndani, wakafunga.

Hapa lazima nieleze. Kwetu Wakonzo, mtu akipotea na maiti isipatikane, amechukuliwa na mto, au na kiboko kule Katunguru, au na vita vya Kongo, tunakata shina la mgomba. Tunalifunga kitambaa, tunalipa jina lake, tunalilia, tunalizika. Hapo imekwisha. Hasubiriwi tena. Kwa hiyo shina la mgomba ndani ya jeneza si uzito. Ni mtu.

Bright hakujua. Katika kambi ya polisi mtu akifa anapakiwa kwenye gari anapelekwa kwao. Mtoto wa kambi haoni kaburi.

Wanawake waliona shina likiingia. Wakanyamaza. Watatu walivua lesu zao, wakaziweka chini, wakashuka. Walisema mgomba usio na mwenyewe utajitafutia mwenyewe. Wengine wakarudi mbali nyuma, upepo ukivuma, midomo imefungwa. Yunia akabaki mbele peke yake, akalia. Jeneza likashushwa, likafukiwa. Bright alimshukuru sana, alisema hajaona mtu anayelia namna hiyo.

Nilimuuliza kwa nini hakushuka na wenzake. Alisema alikuwa ameshakunywa soda yao.

Miezi minne baadaye tumbo likamshika. Wiki tano. Daktari alisema uvimbe ule una miaka miwili ndani yake, au zaidi. Tulimzika Maliba, kwao walimtaka na mimi sikukataa.

Shemeji yangu Bwambale, kaka yake, hakumsikiliza daktari. Alisema uvimbe ulikuwa umekaa tu, mgomba ndio uliouita. Nyuma ya shamba walipoigizia alifukua lile jeneza la filamu akalichoma moto, na shina. Wale wanawake watatu walikuja kwenye msiba, wakakaa mbali, hawakuniangalia. Watu wa kilima walikuwa wamekwisha hukumu.

Mimi nilisema siamini. Nimezika watu wengi bila mgomba na bila jeneza. Lakini nyuma ya nyumba yangu kuna migomba, na nikipita pale nilikuwa natazama pembeni.

Kibandani sikwenda tena. Miezi saba.

Halafu ikasikika kwamba filamu ya Bright imekwisha, itaoneshwa Kasese Jumamosi. Bwambale akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alitaka mazishi yale yatolewe, yafutwe, yasibaki katika simu wala kompyuta ya mtu yeyote. Alisema wakiyaonesha, ni kumzika dada yake kila wanapobonyeza. Bright naye alisema bila mazishi hana filamu, kila kitu kinaelekea pale. Mwenyekiti hakutaka kugombana na Maliba wala na polisi. Alisema mume yupo, mume aseme.

Basi Jumatano asubuhi wakaja kwangu wote wawili, kila mmoja na bodaboda yake.

Picha za Yunia ninazo tatu. Moja ni ya kitambulisho, moja ya harusi ya mpwa wake amesimama nyuma ya mtu, moja imeliwa na mende. Ambayo anatembea, anafungua mdomo, ni hiyo ya Bright tu. Nikisema kata, imekwisha. Nikisema acha, Maliba watasema nimemwuza kwa filamu, na kaburi lake liko kwao, kila nikitaka kulipalilia nitapita mlangoni pa Bwambale.

Nilisema nitaiona kwanza. Tukaenda kibandani. Hilaire akatufungulia, akawasha projekta. Benchi zilikuwa tupu. Aliniambia ile nafasi ya nyuma anaposimama mama hakuna mutu amesimama tena.

Filamu ni mbaya. Niseme mapema.

Yule baba mwenye shamba anaongea kama mtangazaji wa redio, hata akiwa anakufa. Mvua inanyesha juu ya ndugu mkubwa peke yake, nyuma yake vumbi, kuku wanachakura. Kuna polisi, na Bright ni mtoto wa polisi, lakini polisi wake anamfunga mtu pingu huku anamwomba samahani. Ndugu mdogo anapigwa risasi ya mgongo, anashika tumbo. Nilitazama pembeni, nikaona Hilaire anafunika uso kwa mkono. Yeye hutafsiri takataka kila siku na bado aliona haya. Na muziki. Mtu akifungua mlango, muziki. Mtu akinywa maji, muziki. Vinanda vinalia tangu mwanzo, hata pale ndugu wanapokula ugali wakiwa bado wanapendana.

Bright alikuwa ananitazama mimi, hatazami ukuta. Akasema polepole, "Mzee, ukisema nikate, nakata. Lakini filamu inakufa."

"Ilikufa zamani," nikamwambia. "Endelea."

Yakaja mazishi. Mlima nyuma, ukungu. Vijana wanne wanakuja na jeneza, sasa wanatembea kama watu. Kikundi cha wanawake wamesimama kimya. Mbele yao Yunia.

Bwambale akainamisha kichwa. Mimi nilitazama.

Amefunika mdomo kwa ncha ya lesu. Mabega yanatikisika. Mguu wa kushoto unasugua chini, unasugua chini. Yeyote angesema mama huyu amevunjika. Mimi nilikaa naye miaka arobaini na moja. Akilia, hautikisiki hata unywele. Mabega yakitikisika na mguu ukisugua, anacheka. Ndivyo alivyokuwa njiani kutoka kibandani, kila wiki, mimi nimebeba beseni tupu.

Halafu nikaona kitu kingine. Lesu iliposhuka kidogo, midomo ilikuwa inakwenda. Ilikuwa inasema maneno, si kupiga yowe. Lakini vinanda vilikuwa vimejaa kibanda chote.

Nikamwambia Bright, "Simamisha. Toa muziki."

Alieleza kwamba sauti ya pale ina upepo, haifai, ndiyo maana aliifunika. Yeye mwenyewe hakuisikiliza sana, maana alisema Kikonzo cha ndani hakijui. Nilimwuliza kama muziki unaweza kutoka. Akasema unaweza, kila sauti imekaa peke yake. Basi nikamwambia kama tulivyokuwa tukimwambia kuruta, afanye kwanza aeleze baadaye.

Akafungua kompyuta juu ya magoti, akabonyeza mara kadhaa. Vinanda vikafa. Ukaja upepo, kweli, na kuku, na mtu anakohoa. Na Yunia.

Alisema kwa Kikonzo, kwa mlio ule wa msibani, kila neno analivuta. Nayaandika kwa Kiswahili.

"Wewe mgomba, mimi Yunia wa Maliba nakuambia, wewe ni mgomba. Hatukukupa jina. Hatukukufunga kitambaa. Hapa hakuna aliyepotea. Ni watoto wanacheza, na mkubwa wao ni mtoto wa polisi, hajui kitu, msamehe. Lala hapo uoze. Usimtafute mtu. Na hawa waliokubeba, wamekubeba vibaya."

Hapo lesu ikapanda mpaka machoni, na mabega yakazidi kutikisika.

Projekta inanguruma. Bwambale alikuwa ameinua kichwa.

"Rudisha," akasema.

Bright akarudisha. Yunia akaukaripia mgomba mara ya pili. Bwambale akasema rudisha. Mara ya tatu alikuwa anaitikia kila neno kwa pumzi, kama tunavyoitikia mkubwa akisema kwenye mazishi. Ilipofika kwa wale wabebaji alicheka sauti moja, fupi, halafu akafuta uso kwa kofia yake.

"Shemeji," akaniambia, "aliuambia. Aliuambia mbele ya watu, na sisi hatukusikia."

Nilisema ndiyo.

Hilaire alitaka kujua mama amesema nini. Nilimweleza. Bright pia akasikia, na hapo ndipo alipoelewa kilichokuwa ndani ya jeneza lake siku ile. Alikaa chini kwenye benchi. Aliomba msamaha mara nyingi, kwangu na kwa Bwambale, mpaka Bwambale akamwambia inatosha, Yunia ameshamwombea.

Lakini shida ikawa nyingine. Bright alifurahi, akasema basi mazishi yanabaki, atarudisha muziki. Bwambale akasema hapana. Sauti ile ikae wazi, Maliba waisikie, wale wanawake watatu waisikie. Bright akashika kichwa. Alisema ndugu mdogo amekufa, watu wanamlilia, halafu mama mmoja anatangaza mbele ya kamera kwamba maiti ni mgomba. Nusu ya Kasese wanajua Kikonzo. Filamu yote itachekwa.

Wakanigeukia. Mume aseme.

Nilifikiri. Kijana alifanya kazi mwaka mzima. Kamera ni ya mkopo, mama yake alipika kwa waigizaji wote. Ningeweza kumhurumia. Yunia angekuwa hai angemwambia nini? Najua angemwambia nini. Nilimwambia mwenyewe.

"Bright, watu wataicheka hata hivyo. Afadhali wacheke pale penye ukweli. Muziki utoke, mama abaki."

Akafunga kompyuta. Halafu akasema sawa, afande. Sijui kama ni adabu au ni baba yake aliyemwambia usibishane na wanajeshi.

Jumamosi mchana tulikwenda Kasese. Bwambale alikodi gari dogo, akaleta watu kumi na mmoja kutoka kilimani, na wale wanawake watatu wakiwamo. Walikaa mstari mmoja nami, mikono kifuani. Ukumbi ulijaa. Watu walicheka kwenye mvua, walicheka kwenye pingu, walicheka kwenye ile risasi ya mgongo. Bright alikuwa amesimama karibu na mlango, shati lake jeupe limelowa.

Yakaja mazishi. Hakuna kinanda. Sauti ya Yunia ikatoka kubwa, kubwa kuliko alivyokuwa nayo. Vijana wakaanza kucheka. Wazee wakawanyamazisha. Aliposema hapa hakuna aliyepotea, ukumbi ulikuwa kimya kabisa, hata wasiojua Kikonzo. Aliposema wamekubeba vibaya, walicheka wote pamoja, na wakapiga makofi.

Mmoja wa wale wanawake, jina lake Musoki, mkubwa kuliko wenzake, alisimama mahali alipokuwa. Aliongea na ukuta.

"Yunia," akasema, "tumesikia."

Akakaa. Baadaye kidogo alinyoosha mkono juu ya magoti ya mwenzake, akanishika kidole.

Mazishi yakaisha. Ndugu mkubwa akaanza kujuta, analia shambani, na vinanda vikarudi. Bwambale akanigusa bega. Tukasimama, mstari mzima, tukatoka. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini.

Bright alitufuata mpaka barabarani. Alikuwa karibu kulia. Alisema bado ndugu hawajapatana, mwenye makosa hajakiri, nani amepata shamba hatujajua, mwisho ndio mzuri.

Bwambale alikuwa ameshaingia garini. Akashusha kioo.

"Mutoto wangu," akamwambia, "hao watapatana bila sisi."

Gari likaondoka. Mimi nilibaki na Bright pale kando ya barabara, nangoja gari la Bwera. Hakurudi ndani. Alisimama nami, na baada ya muda akaniuliza ile risasi ya mgongoni, mtu anashika wapi.

Nikamwonesha.